SOMO LA UUZAJI: KUPELEKA FIMBO ZA BILIADI KWA WANUNUZI WA NG'AMBO



Somo la toleo hili limezaliwa na barua. Katibu wa kikundi kimoja cha maseremala wa Maisaka, hapa Babati mjini, ametuandikia kwamba wanachama wake, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakikereza miguu ya vitanda, marungu na bakora, sasa wanakereza pia fimbo za mchezo wa biliadi, ule ambao vijana wetu huuita puli. Fimbo hizo zilianza kutengenezwa kwa ajili ya meza za hapa mjini. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita kwenda Tarangire aliziona, akanunua mbili, na alipofika kwao Ulaya akaandika kutaka nyingine kumi na mbili. Katibu anauliza maswali mawili tu: zitafikaje zikiwa nzima, na fedha itarudije ikiwa kamili?

Maswali hayo ni mafupi, lakini majibu yake yanakihusu kila chama kinachotaka kuuza ng'ambo kitu kirefu cha mti, iwe ni fimbo ya biliadi, bakora, upinde au mkuki wa mapambo. Kwa hiyo tumeona yafaa kumjibu hadharani, ili na wengine wafaidike. Tunawaomba Makatibu walisome somo hili mbele ya wanachama wenu katika vikao viwili, kwani si somo la kumezwa kwa mara moja.

Kabla ya kuingia katika kazi yenyewe, yafaa wanachama wajue kwamba mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki, kwa kuwa ni laini kuliko za Afrika Magharibi, zilipendwa sana na mafundi. Zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na kutoka hapo zikapelekwa Ulaya, Bara Hindi na Marekani. Uhaba wa pembe ndio uliowasukuma Wamarekani kutafuta kitu mbadala, na mnamo miaka ya 1868 hadi 1870 mtu aitwaye John Wesley Hyatt akafaulu kutengeneza plastiki ya awali iitwayo seluloidi. Sehemu kubwa ya faida haikubaki kwa wabebaji wa pembe hizo. Tukilikumbuka hilo, tutaelewa kwa nini inafaa safari hii fimbo itoke kwetu ikiwa imekamilika, wala si kama kipande cha mti kitakachokamilishwa na wengine.

FIMBO YENYEWE

Fimbo ya biliadi si bakora. Bakora ikipinda kidogo, mzee bado atatembea nayo na pengine ataipenda zaidi. Fimbo ya biliadi ikipinda unene wa kucha tu, mnunuzi ataiviringisha juu ya meza, ataiona inarukaruka, na siku hiyo hiyo ataandika kudai fedha yake.

Urefu wake wa kawaida ni sm 147 hivi, na uzito wake ni kati ya gramu 510 na 595. Kanuni za chama cha dunia cha mchezo wa puli zinataka fimbo isipungue sm 101.6 kwa urefu, isizidi gramu 708.75 kwa uzito, na ngozi ya nchani isizidi upana wa mm 14. Fimbo nyingi za puli hutengenezwa kwa vipande viwili vinavyounganishwa kwa skrubu katikati. Katika somo hili, kile kipande kinene kinachoshikwa tutakiita shina, na kile chembamba tutakiita ncha. Mafundi wa ng'ambo hupenda ncha ya mti uitwao maple, ambao hauoti kwetu, na kwa shina hupenda miti mizito yenye rangi. Miongoni mwa miti hiyo ya rangi, mpingo wetu una heshima kubwa, nao ndio uliomvutia yule mgeni.

Adui wa kwanza wa fimbo ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mti mbichi una maji mengi. Ukiukereza leo ukiwa umenyooka, kesho utakauka upande mmoja kabla ya mwingine nao utapinda. Hilo maseremala wetu wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba mti uliokauka vyema hapa Babati haujakaukia Ulaya. Wakati wa baridi watu wa kule hupasha moto nyumba zao hata hewa ya ndani ikawa kavu mno, na mti ukikaa humo hushuka hadi kubakiwa na maji asilimia 6 hadi 8 tu. Fimbo iliyotoka kwetu ikiwa na asilimia 14 itaendelea kukauka ukutani kwa mnunuzi, nayo itasinyaa, itapinda, au itaachia gundi kwenye kiungo.

Kupima maji hayo hakuhitaji chombo cha gharama. Kateni kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kutoka mwishoni, maana mwisho hukauka upesi. Kipimeni kwa mizani ya gramu na mwandike uzito. Kisha kiwekeni katika tanuri lenye joto la sentigredi 103 hivi, mkipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tofauti ya uzito igawanywe kwa uzito wa mwisho, kisha izidishwe kwa 100. Kwa mfano, kipande kilichokuwa na gramu 62 kikabaki gramu 55 kimepoteza gramu 7. 7 kugawanya kwa 55 kisha mara 100 ni asilimia 12.7. Ubao huo haujawa tayari. Tunasisitiza kwamba mgawanyo ufanywe kwa uzito wa mwisho. Tumeona madaftari ya vyama ambamo umefanywa kwa uzito wa mwanzo, na kila mara jibu linakuwa dogo kuliko ukweli, hata mti mbichi ukaonekana mkavu.

Mpingo hukauka polepole sana, na ukiharakishwa hupasuka. Yafaa upasuliwe vipande vya mraba vilivyo vinene kuliko shina, ncha zake zipakwe nta au rangi ili zisipasuke, upangwe kivulini huku vijiti vikitenganisha tabaka na tabaka, na uachwe. Baadaye ukerezwe kwa awamu: leo upunguzwe kidogo, upumzike wiki kadhaa, upunguzwe tena. Fundi mwenye haraka ya fedha huiona kazi hii kuwa ya uvivu. Lakini fimbo 12 zilizorudishwa na mnunuzi hula kazi ya miezi yote hiyo, pamoja na nauli ya kwenda na ya kurudi.

MTI UMETOKA WAPI?

Hapa ndipo vyama vingi vidogo huanguka, na huanguka bila kujua. Mnunuzi wa leo haulizi bei peke yake. Sheria za kwao zinamlazimisha aulize mti umekatwa wapi na kwa ruhusa ya nani. Sheria ya Marekani iitwayo Lacey, iliyotungwa mwaka 1900 kwa ajili ya wanyama wa porini, ilipanuliwa mwaka 2008 ikahusu pia mazao ya miti. Anayeingiza mti uliokatwa kinyume cha sheria za nchi ulikotoka anaweza kunyang'anywa mzigo na kushtakiwa, hata kama yeye hakuukata.

Kwa hiyo chama kisinunue mpingo njiani kutoka kwa mtu wa baiskeli. Kinunue kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, mwenye leseni ya uvunaji, stakabadhi ya ushuru na hati ya kusafirishia mazao ya misitu iliyotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na mbao ziwe na alama ya nyundo. Nakala za karatasi hizo ziwekwe katika jalada moja na ankara ya fimbo zitakazotoka katika mbao hizo. Kama Katibu hawezi kuonyesha fimbo fulani imetoka katika mbao zipi, basi mbele ya sheria fimbo hiyo haina asili.

Sisi wa Babati tuna sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Msitu wa Duru-Haitemba, katika wilaya yetu, ni miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kukabidhiwa vijiji viusimamie vyenyewe. Jambo hilo lilifanyika katikati ya miaka ya 1990, kabla Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haijaupa utaratibu huo nguvu kamili. Wanakijiji walijiwekea sheria ndogo, wakaunda kamati na kuweka walinzi, na msitu uliokuwa ukimalizika ukaanza kurudi. Kule Kilwa vijiji vilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, yenye mpingo, ilipata hati ya kimataifa ya FSC inayothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa. Mti wenye hati kama hiyo huwapa wanunuzi wa ng'ambo imani ambayo maneno matupu hayawezi kuwapa.

Ziko pia sheria za mataifa. Mpingo, ambao jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon, uliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uliingizwa pamoja na jamaa zake wote, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Kwa muda hata zumari na klarineti za mpingo zilihitaji vibali zivukapo mipaka, na malalamiko yakawa makubwa. Tarehe 26 Novemba 2019 masharti yalilegezwa: ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo, na bidhaa nyingine zilizokamilika zikaruhusiwa kupita bila kibali cha CITES endapo uzito wa mti huo katika shehena moja hauzidi kilo 10.

Wanachama wazingatie maneno mawili: "zilizokamilika" na "shehena". Kipande cha mraba cha mpingo, hata kiwe kizuri namna gani, hakijakamilika. Kibali kinahitajika hata kwa gramu chache. Fimbo iliyokamilika yenye shina zima la mpingo hubeba kama gramu 450 za mti huo. Fimbo 22 zitakuwa na kilo 9.9, na hizo zaweza kupita. Ukiongeza ya 23 unafika kilo 10.35, nayo shehena nzima, si ile fimbo moja, inahitaji kibali. Agizo la Maisaka la fimbo 12 lina kilo 5.4 za mpingo, kwa hiyo liko ndani ya mpaka. Ama shina lisilo na ncha, afisa mmoja aweza kuliita bidhaa na mwingine akaliita malighafi. Msikisie. Andikeni barua kwa ofisi ya misitu, mpate jibu la maandishi, na nakala yake iende pamoja na mzigo. Vilevile msidhani kwamba kusamehewa kibali cha CITES kunafuta vibali vya nchi yetu vya kusafirisha mazao ya misitu nje. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na magogo ghafi hayatoki kabisa.

Na pembe? Fundi mmoja alituuliza kama anaweza kupamba kiungo kwa kipande cha pembe ya ndovu alichorithi kwa babu yake. Hapana. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 ulioanza kutumika mwaka 1990, na urithi wa babu si kibali. Atumie mfupa wa ng'ombe, nao utajwe kwenye ankara, kwa sababu kitu chochote cha mnyama kina masharti yake ya kuingia katika nchi za watu.

Tusisahau yaliyowapata jirani zetu. Wachongaji wa Kikamba wa Kenya wana vyama imara, kile cha Wamunyu na kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambavyo vimepeleka vinyago vya wanachama wao duniani kote. Lakini mpingo wa kwao ulipungua mno; wakahamia mhugu, nao ukaanza kuisha; ndipo walipohimizwa kuchonga mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti iotayo mashambani. Mpingo unakadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 hata kufaa kuvunwa. Fundi wa Maisaka anayeukereza leo hataishi kuukereza ule anaoupanda.

KUFUNGA NA KUPIMA

Hesabu ya nauli huwashangaza wengi, kwa kuwa wenye ndege hawatozi uzito peke yake, hutoza pia nafasi. Makampuni ya kupeleka vifurushi kwa haraka huchukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu huitwa uzito wa ujazo. Kisha hutoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani.

Tufanye hesabu kwa fimbo za Maisaka. Fimbo moja ya vipande viwili ikifungwa peke yake katika sanduku la sm 82 kwa 12 kwa 10 ina ujazo wa 9,840. Ukigawanya kwa 5,000 unapata 1.97, yaani kilo 2. Fimbo 12 zikipelekwa moja moja zitatozwa kilo 24. Sasa zifungwe zote katika sanduku moja la sm 82 kwa 36 kwa 20: ujazo ni 59,040, na uzito wake wa ujazo ni kilo 11.8, tuseme 12. Mizani nayo itasoma kilo 9 hivi pamoja na sanduku. Zitatozwa kilo 12, nusu ya zile 24. Hiyo ndiyo faida ya kupeleka pamoja, na hapa ushirika unaonekana kwa tarakimu.

Fimbo ya kipande kimoja ina shida nyingine. Urefu wake wa sm 147 ukiongezewa kinga ya sm 3 kila upande unakuwa sm 153, na kipimo cha kawaida cha vifurushi vya posta baina ya mataifa ni kwamba upande wowote usizidi mita 1.5, tena urefu ukijumlishwa na mzingo usizidi mita 3. Nchi nyingine hupokea virefu zaidi, nyingine hazipokei. Basi tengenezeni za vipande viwili. Kwa fimbo moja ya majaribio iko njia rahisi: kifurushi kidogo cha posta chenye umbo la bomba, kisichozidi kilo 2, urefu wake usizidi sm 90, na urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi sm 104. Bomba la sm 80 lenye kipenyo cha sm 11 linafikia 102, nalo linapita.

Katika kufunga, bomba gumu la plastiki la mafundi wa maji ni rafiki mzuri wa fimbo. Kila kipande kivikwe karatasi laini, kisha kitambaa, kiingizwe bombani kisichezecheze, na skrubu ifunikwe ili isikwaruze vanishi. Iwekwe mifuko midogo ya kunyonya unyevu, maana mzigo utokao kwenye mwinuko wa Babati, ukashuka Dar es Salaam au Mombasa na kukaa katika kontena, hupata jasho. Kontena hupata joto mchana na kupoa usiku, na maji hudondoka kutoka darini kama mvua.

Mzigo ukiwa mkubwa hata kuhitaji kreti la mbao, kuna sheria ambayo mimi mwandishi niliijua kwa machungu. Miaka iliyopita nilisaidia chama kimoja, sitakitaja, kupeleka bakora na vinyago. Tuliajiri fundi hodari, akatupigia kreti zuri la mbao mbichi, magamba mengine yakiwa bado juu yake. Bakora zetu zilikuwa na karatasi zote. Kreti halikuwa nazo. Mzigo ulizuiliwa katika bandari ya ng'ambo, mnunuzi akalipa gharama za ghala, akatukata gharama hizo, na wanachama wakapokea chini ya nusu ya walichotarajia. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, ya tangu mwaka 2002, inataka mbao za kufungia mizigo zitolewe magamba na zipashwe joto mpaka kiini chake kifike sentigredi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe alama maalumu yenye suke la ngano. Makusudi yake ni kuzuia wadudu wasisafiri. Plaiwudi na mbao zisizozidi unene wa mm 6 hazihusiki, hivyo kwa mizigo yetu midogo sanduku la plaiwudi au katoni nene latosha. Kwa maswali ya afya ya mimea tuna bahati: mamlaka inayohusika, TPHPA, ina makao makuu Arusha, mwendo wa kilomita 170 hivi kwa lami.

KARATASI NA FEDHA

Kwa posta, kifurushi huambatana na fomu ya forodha iitwayo CN 23. Iandikwe ukweli. Kuna makatibu wanaoombwa na wanunuzi waandike "zawadi" au wapunguze thamani ili ushuru uwe mdogo. Chama kikifanya hivyo kimesema uongo mbele ya forodha za nchi mbili, na zaidi ya hayo, mzigo ukipotea, fidia italipwa kwa thamani ile ndogo iliyoandikwa. Andikeni jina la kitu waziwazi, fimbo za biliadi, na namba yake ya forodha 9504.20, ambayo ni ya vifaa vya biliadi. Bakora ni 6602. Andikeni pia jina la kitaalamu la kila mti. Ankara iwe na maelezo yale yale, neno kwa neno, na orodha ya vilivyofungwa iwe hivyo hivyo. Pakihitajika cheti cha uasili wa bidhaa, ulizeni TCCIA.

Jambo la ushuru wa kule liafikiwe kabla, nani ataulipa. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa amezoea vifurushi vidogo kuingia bila kodi ya mauzo, lakini msamaha huo uliondolewa tarehe 1 Julai 2021. Marekani nayo ilikuwa ikisamehe ushuru kwa vifurushi visivyozidi thamani ya dola 800, ikasimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi asiyejua hukataa kifurushi mlangoni, kikarudi kwa nauli yenu. Barua ya bei iseme dhahiri: "Bei hii haina ushuru wala kodi za nchi ya mpokeaji."

Kuhusu malipo, agizo la fimbo 12 ni dogo mno kwa barua ya dhamana ya benki. Gharama za benki zingemeza faida. Kwa agizo kama hilo twashauri nusu ya fedha iingie katika akaunti ya chama kabla mti haujakatwa vipande, na nusu iliyobaki ilipwe fimbo zikiwa tayari, mnunuzi akiwa ameonyeshwa picha za kila moja ikiwa imelazwa juu ya kioo. Fedha isipitie akaunti ya mtu binafsi, hata awe Mwenyekiti.

Siku agizo litakapokuwa kubwa na benki kuhusika, Katibu akumbuke kwamba benki hukagua karatasi, haikagui mti. Kwa kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika Julai 2007, benki ina siku 5 za kazi za kukagua, na hati zipelekwe ndani ya siku 21 tangu mzigo upakiwe, wala si baada ya barua yenyewe kwisha muda. Fimbo zaweza kuwa nzuri kama nini, lakini ankara ikisema "dazeni moja" na hati nyingine ikisema "vipande 24", benki inaweza kukataa kulipa.

Limebaki swali ambalo Katibu wa Maisaka hakuliuliza, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yale aliyouliza. Fimbo 12 zimetengenezwa na mafundi watano. Mbili zikifika zimepinda, nani atalipa? Tukisema chama, fundi mzembe atajificha nyuma ya fundi mwangalifu. Tukisema fundi, huenda mti ulikaushwa na chama na kosa si lake. Changamwe kinyago huandikwa namba ya mwanachama aliyekichonga, na kila mmoja hulipwa kwa kazi yake baada ya makato ya chama. Twashauri Maisaka wafanye hivyo, namba igongwe ndani ya kiungo mahali isipoonekana, na daftari lionyeshe tarehe ya kupimwa ukavu na aliyepima. Ikiwa ubao ulipita asilimia 8 siku ya kukabidhiwa fundi, kosa ni la chama. Ikiwa haukupita, la fundi. Uamuzi huu uandikwe katika muhtasari wa mkutano kabla ya fimbo ya kwanza kukerezwa, maana baada ya hasara kila mtu hukumbuka makubaliano kwa namna yake.

KAZI YA KIKUNDI

Mnunuzi yule yule wa Ulaya ameandika tena, anataka fimbo 30 katika shehena moja. Kila fimbo ina gramu 450 za mpingo. Je, shehena inahitaji kibali cha CITES? Kama fundi akichanganya shina, nusu mpingo na nusu mti mwingine, jibu linabadilikaje? Tafuteni uzito wa ujazo wa masanduku matatu, kila moja sm 82 kwa 30 kwa 20. Kisha chukueni kipande cha mbao kutoka karakana yenu, mpime maji yake kwa njia tuliyoeleza, na mtuletee tarakimu zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, si asilimia peke yake. Majibu yaletwe Ofisi ya Elimu ya Chama Kikuu pamoja na majina ya waliohudhuria kikao. Katibu wa Maisaka ametuarifu kwamba ubao wao wa kwanza umesoma asilimia 11, na mafundi wamekubali kungoja.